"Barua yangu imerudi imeandikwa 'fuata ngazi', na ngazi yenyewe ndiye ninayemlalamikia"

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, miaka 36, nasoma uzamili kwenye chuo kimoja cha umma, jina naomba nisilitaje. Mwajiri wangu ni halmashauri, kule Masasi. Walinipa ruhusa ya masomo ya miaka miwili na inaisha tarehe 31 Desemba, yaani wiki sita kuanzia leo. Mke na watoto wako huko, mimi nimepanga chumba Mbagala.

Utafiti wangu ni juu ya utoro wa wanafunzi msimu wa korosho. Nilizunguka shule saba kwa bodaboda, nikakusanya madodoso 312. Tarehe 11 Machi nilimtumia msimamizi wangu sura ya nne na ya tano. Akajibu siku hiyohiyo: "Nimepokea, nitazipitia." Mpaka leo hajazipitia. Barua pepe nimemwandikia sita. WhatsApp sihesabu, tiki za buluu naziona, jibu hakuna. Nikienda ofisini yuko safari, au yuko kikaoni. Julai akateuliwa kukaimu ukuu wa idara, ndipo akawa hashikiki kabisa. Septemba ofisi ya fedha ikaniandikia kwamba nimepitiliza muda, natakiwa kulipa nyongeza ya zaidi ya laki sita.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Agosti rafiki yangu alihudhuria kongamano, akanitumia picha za slaidi za msimamizi wangu. Slaidi moja ina jedwali langu. Sisemi linafanana na langu, ni langu lenyewe. Nilipolitengeneza nilikosea kujumlisha, nikaandika 311 badala ya 312, na kwenye slaidi imeandikwa 311. Chini yake pameandikwa "Chanzo: data za uwandani". Jina langu halipo.

Usiku ule nilimwandikia ujumbe mkali ambao siurudii hapa. Wiki iliyofuata nikaandika barua ya kurasa nne kwa Makamu Mkuu wa Chuo, nakala kwa Waziri, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), serikali ya wanafunzi na gazeti moja. Nilieleza yote: kucheleweshwa, wizi wa data, dharau, jinsi anavyowapendelea watu wa kwao, na nikaomba afukuzwe kazi. Baada ya wiki tatu barua ikarudi imebanwa kikaratasi: "Fuata ngazi." Ngazi inaanzia kwa Mkuu wa Idara, ambaye ni yeye. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Wenzangu wananiambia mkono usioweza kuukata ubusu, nikamwombe radhi nimalize nirudi kwa watoto. Mwalimu mmoja wa idara hiyo alinitania kwenye korido kwamba digrii nitaisikia redioni. Niombe radhi, au niendelee?

Mwalimu, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika ofisi inayopokea barua kama yako, kwa hiyo nianze kwa kukueleza yaliyotokea upande wa pili wa dirisha. Barua yako ilifika masjala, ikagongwa muhuri, ikapelekwa juu. Aliyeifungua akaona kurasa nne na nakala kwa watu wanne. Barua yenye nakala nyingi ina bahati mbaya moja: kila anayeipata huamini mwenzake ataishughulikia. Akaanza kutafuta sentensi moja tu, huyu anataka nifanye nini? Akaikuta ukurasa wa nne: afukuzwe kazi. Sasa hilo Makamu Mkuu wa Chuo hawezi kulifanya kwa barua ya mwanafunzi hata angekuwa na hasira kuliko wewe, maana mtumishi ana taratibu zake za nidhamu. Basi akaandika maneno mawili yasiyomgharimu kitu, akaendelea na mafaili mengine.

Hukushindwa kwa sababu msimamizi wako ana nguvu. Bado hujamwomba mtu yeyote jambo analoweza kuliamua.

Kuhusu radhi: omba, lakini kwa ule ujumbe wa usiku tu. Mistari miwili kwa barua pepe. "Ujumbe niliokutumia tarehe fulani ulikuwa na lugha isiyofaa, naomba radhi. Masuala ya sura ya nne na ya tano nitayawasilisha kwa utaratibu wa chuo." Basi. Usieleze ulikuwa na hali gani, usitaje jedwali. Nimeona lalamiko zuri likigeuzwa siku moja kuwa kesi ya nidhamu ya mlalamikaji, kwa sababu tu mlalamikiwa alikuja kikaoni na simu yake, akaisoma mbele ya wajumbe. Ukishaomba radhi mapema kwa maandishi, ile simu haina tena cha kusema.

Sasa kaa chini, toa karatasi moja, ipige mistari mitatu ya kushuka. Tarehe, kilichotokea, ushahidi uko wapi. Machi 11: nimetuma sura mbili, barua pepe, ipo. Machi 11: amekiri kupokea, ipo. Endelea hivyo mpaka barua ya ofisi ya fedha. Mazungumzo ya WhatsApp usitegemee picha za skrini peke yake, hamisha mazungumzo yote kutoka kwenye simu yawe faili, uyahifadhi mahali pawili. Jambo usilo na ushahidi nalo usiliwekee mstari. Hilo la kupendelea watu wa kwao utaona lenyewe linakosa pa kukaa kwenye karatasi. Liache. Huenda ni kweli, lakini litakuwa jiwe shingoni mwa mengine unayoweza kuyathibitisha.

Halafu kuna swali ambalo hukuniandikia jibu lake, nami nalihofia. Zile ripoti za maendeleo ambazo mwanafunzi wa uzamili hujaza, ulijaza? Na pale penye "changamoto" uliandika nini? Wengi, kwa woga au kwa heshima, huandika "hakuna", wanamkabidhi msimamizi asaini. Kisha wakija kulalamika, mkurugenzi anafungua jalada anakuta saini ya mwanafunzi mwenyewe ikisema mambo yanakwenda vizuri, Juni, mwezi wa tatu tangu sura zikwame. Kama uliandika hivyo, usifiche. Sema kwenye barua yako: "Katika ripoti ya Juni sikueleza ucheleweshaji huu kwa kuwa niliamini utatatuliwa kwa mazungumzo." Ukisema wewe kwanza, ni maelezo. Akisema yeye kwanza, umenaswa.

Tuje kwenye ngazi. Chukua kanuni za masomo ya uzamili za chuo chako, kile kijitabu ulichopewa siku ya usajili ukakitia uvunguni. Tafuta sehemu mbili: majukumu ya msimamizi, na utaratibu wa malalamiko. Vyuo vinatofautiana kidogo, lakini mpangilio wa kawaida huanzia kwa msimamizi mwenyewe, kisha mratibu wa uzamili wa idara au Mkuu wa Idara, kisha amidi au rasi wa ndaki (yaani mkuu wa kitengo chenye idara kadhaa ndani yake), kisha kurugenzi ya masomo ya uzamili, kisha Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, na mwisho Seneti kupitia kamati zake. Andika namba za vifungu. Kama kanuni inasema msimamizi arudishe rasimu ndani ya muda fulani, huo muda ndio moyo wa barua yako, kuliko maumivu yako yote ya Mbagala.

Mkuu wa Idara akiwa ndiye anayelalamikiwa, unamruka, na huhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kumruka. Mtu hawi hakimu wa shauri lake mwenyewe. Hili linajulikana hata kwenye baraza la kata. Ila kuruka kimyakimya ni kosa la kiofisi, ndiko kunakorudisha barua. Eleza kwa sentensi moja juu kabisa: "Barua hii haikupitia kwa Mkuu wa Idara kwa kuwa ndiye msimamizi wangu na ndiye anayehusika na lalamiko." Iandike kwa amidi au rasi, na kama kanuni za chuo chako zinataka nakala kwa mkurugenzi wa masomo ya uzamili, weka hiyo moja tu. Waziri muache apumzike. Gazeti pia.

Ukurasa mmoja. Kiini kiwe hivi, ukibadilisha kwa maneno yako:

"Tarehe 11 Machi niliwasilisha sura ya nne na ya tano, na msimamizi alithibitisha kuzipokea siku hiyo. Hadi leo, miezi minane, sijapata maoni, licha ya kukumbushia kwa barua pepe mara sita (kiambatisho A). Naomba mambo mawili: kwanza, nipatiwe maoni ya sura hizo ndani ya siku 14, au nipangiwe msimamizi mwenza atakayezisoma, pili, muda nilioupoteza nikisubiri usihesabiwe katika ada ya nyongeza niliyodaiwa (kiambatisho B)."

Umeona? Amidi anaweza kuita kikao na kuyasukuma yote mawili bila kumfukuza mtu. Na kila ombi lina ndiyo au hapana yake. Ukishaichapa, usiiache kwa katibu muhtasi ukaondoka na tabasamu. Chapa nakala mbili. Peleka masjala, moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Nilishawaona watu wazima na shahada zao wakilia kwa sababu barua "haionekani". Mwenye nakala yenye muhuri halii, anaitoa kwenye bahasha. Ukiitwa kwa mazungumzo, ukitoka tu andika barua pepe fupi: "Kama tulivyokubaliana leo, nitapata maoni kabla ya tarehe fulani." Asipoipinga, imekuwa kumbukumbu.

Nimekuandikia "msimamizi mwenza" kwa makusudi, sikuandika "msimamizi mwingine". Mpya kabisa ataanza kwenye pendekezo la utafiti, atakuuliza kwa nini shule saba na si kumi, atataka sura ya pili iandikwe upya kwa mkabala anaoupenda yeye. Kwa wiki sita ulizobaki nazo, huo ni mzigo. Mwenza anasoma sura mbili zilizoko mezani. Na mwenye cheo kipya mara nyingi hupumua akipewa mwenza. Si ajabu huyu wako amezidiwa na vikao kuliko anavyokuchukia. Nasema si ajabu, sisemi ndivyo ilivyo.

Jambo moja kamati hazitaligusa ni maoni ya kitaaluma yenyewe. Akisoma kesho akasema sura ya nne ni dhaifu, hutalalamika kwa kuwa huafiki. Utasahihisha au utamjibu kwa hoja. Wanachokipokea ni utaratibu uliovunjwa: muda uliopita, mtu kuamua jambo lenye maslahi yake, uamuzi kutolewa bila kusikilizwa. Na hapo kumbuka kwamba yeye naye lazima asikilizwe. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Barua yako ya kurasa nne ilitaka ahukumiwe bila kusikilizwa. Wewe ungependa kufanyiwa hivyo?

Jedwali sasa. Hili ni jalada jingine kabisa, barua nyingine, na pengine hata kamati nyingine, ile ya maadili ya utafiti. Ukilichanganya na lile la kucheleweshwa, watu watabishana juu ya wizi miezi sita na sura zako zitaendelea kulala. Kwa hiyo la kwanza litangulie, na hili likusanye kimya. Kanuni za chuo zinasemaje juu ya umiliki wa data za mwanafunzi na juu ya kuchapisha kwa pamoja? Ulisaini fomu yoyote? Msimamizi kutaja kazi ya mwanafunzi wake kwenye kongamano si dhambi, kuiita yake ndiyo dhambi, na huenda akajibu kwamba alikutaja kwa mdomo. Ndiyo maana usianze na neno "wizi". Anza na swali: "Naomba ufafanuzi wa matumizi ya jedwali hili, ambalo linapatikana kwenye sura ya nne niliyoiwasilisha tarehe 11 Machi." Weka picha ya slaidi upande wa kushoto, ukurasa wako upande wa kulia. Wenye macho wataona ile 311. Takwimu zikilingana, mtu anaweza kusema alifika uwandani akakuta hayohayo. Makosa ya kujumlisha hayalingani kwa bahati. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona mwanafunzi aliyesaidiwa na hesabu mbovu kama wewe.

Unaogopa kulipiziwa, na wenzako hawakukosea kuogopa. Lakini fikiria anayelipiza kisasi anapenda mazingira gani. Anapenda pasipo maandishi. Siku lalamiko lako lina muhuri, kila atakachokifanya kwenye tasnifu yako kitasomwa na mtu mwingine akiwa na barua yako pembeni, na yeye anajua. Tasnifu husomwa na mtahini wa nje pia, hamalizi mtu mmoja peke yake. Unaweza kuomba kwa maandishi kwamba asiwe mwenyekiti wa kikao cha utetezi wako. Na yule wa redioni, andika tarehe, saa, maneno yake na aliyekuwepo kwenye korido. Kisha mpungie mkono ukikutana naye.

Ndani ya chuo ikishindikana mpaka Seneti, nje kuna milango, ila yote itakuuliza kama umemaliza ya ndani, na itataka kuona ile mihuri. TCU inasimamia vyuo vyenyewe chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Wapelekee pale chuo kinapopuuza kanuni zake, si pale sura moja inapochelewa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001 ikirithi ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya tangu 1966, inapokea malalamiko dhidi ya vyombo vya umma na haihitaji wakili. Inachunguza na kupendekeza, haina amri kama ya hakimu, lakini barua yao ikifika chuoni watu huacha chai. Mahakama Kuu ni ya mwisho, kwa mapitio ya uamuzi, na huko kibali huombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe. Ukifika hapo tafuta wakili, usitafute mimi.

Niseme neno kwa wasomaji wengine, hasa mabinti. Haya yote ya ngazi ni kwa mambo kama ya mwalimu huyu. Msimamizi akitaka pesa, au akitaka mwili wako ndipo asome sura, hakuna cha kuanza kwa Mkuu wa Idara. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mlango wake ni TAKUKURU, na dawati la jinsia la chuo kama lipo. Ujumbe usiufute hata kama unakutia kichefuchefu.

Nikurudie, mwalimu, kwa jambo ambalo hukuuliza na ndilo la haraka kuliko yote: tarehe 31 Desemba. Unapigania sura mbili huku ajira inateleza nyuma yako. Kukaa nje ya kituo bila ruhusa ni utoro kazini, na mtu aliyeandika tasnifu ya utoro akifukuzwa kwa utoro, Masasi nzima itacheka mpaka msimu ujao wa korosho. Wiki hii, kabla hata ya barua kwa amidi, nenda kurugenzi ya masomo ya uzamili uombe barua inayoeleza hatua uliyofikia. Iambatishe kwenye maombi ya kuongezewa ruhusa kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na hayo yapitie kwa mkuu wako wa shule; huko ngazi unaifuata yote, hakuna wa kumruka. Ukikataliwa, ripoti kituoni Januari, usahihishe tasnifu jioni na wikiendi. Wengi wamemaliza hivyo, wakirudi Dar es Salaam kwa utetezi tu. Na mwambie mkeo ukweli wa mambo, maana nadhani bado anajua Desemba unarudi na joho.

Niandikie ukishapata muhuri wa kwanza. Na kwenye kompyuta yako, fungua faili jipya la sura ya nne, humo sahihisha jumla iwe 312. Lile la Machi liache vilevile, na 311 yake.